Siku Niliyokuwa Mgeni kwa Wifi Yangu

Kama gazeti la wiki jana liliazimwa na jirani na mpaka leo hajalirudisha, usijali. Nakupa yaliyopita kwa ufupi, halafu uje tuumie pamoja.

Mimi ni karani wa shule, na Jumamosi zangu nazitoa bure kwa chama kinachobadilishana wanafunzi na nchi za mbali. Kazi yangu ni kuziandaa familia zitakazowapokea hao watoto wa watu. Nawafundisha wasimpigie mgeni kelele kama kiziwi, wasimshindilie chakula, wasinong'one mbele yake, maana mtu hata asipojua lugha hujua anaposengenywa.

Mwaka huu aliyechaguliwa kwenda ni binti yangu mwenyewe. Mwaka mzima, shule ya ng'ambo. Siku nilipopata habari nilijifungia stoo ya shule nikacheka peke yangu. Lakini chama kina sharti lake: mtoto wako haondoki mpaka umpatie nyumba mtoto anayekuja. Kwangu nilisema chumba hakitoshi, na hapo hapo nikasimamia. Mganga hajigangi. Nyumba niliyoipata ni ya wifi yangu, dada wa mume wangu, na wiki jana niliwaacha nikiwa mlangoni kwake, sanduku mkononi, mdomo umefungwa.

Kuhusu huo mdomo inabidi nieleze, kwani ndio ulioniponza.

Kila nyumba hufanyiwa zoezi kabla ya kupitishwa. Mmoja wetu huja na sanduku kama mgeni, akashinda hapo toka chai ya asubuhi mpaka chakula cha mchana kiwekwe mezani. Mgeni huyo hajui neno la lugha yetu. Anatumia mikono na macho tu. Mratibu wa chama anakaa pembeni anatazama, na kengele yake ndogo ndiyo inayofunga zoezi. Mgeni akisema neno kabla ya kengele, nyumba imeanguka, kwa sababu wenyeji wamemfikisha mahali pa kushindwa kunyamaza. Na zoezi halirudiwi.

Sheria hiyo niliitunga mimi. Niliitetea mkutanoni mpaka nikagonga meza. Nimeshaiangusha nayo nyumba ya mwalimu mstaafu, aliyeniketisha mbele ya televisheni akaenda zake bustanini, mpaka nikaomba maji kwa sauti kama mtoto.

Sikupangiwa kwenda kwa wifi. Aliyepangwa aliamka anaumwa jino, na Mratibu akanigeukia mimi.

"Mimi ni ndugu wa nyumba ile," nikamwambia.

"Ndiyo maana nitakutazama wewe kuliko wao."

Basi wifi akafungua mlango.

"Karibu," akasema, polepole, kama nilivyomfundisha. Akanipima toka kichwani hadi viatuni, akamgeukia mumewe. "Safari hii wametuletea aliyekomaa kidogo."

Shemeji yangu ni fundi wa friji, mtu mpole, lakini masomo yangu yalimwingia sikio hili yakatokea lile. "KARIBU SANA," akapaza sauti, majirani wakasikia.

"Usimpigie kelele. Masikio yake mazima. Hajui lugha tu."

"Nimesahau," akasema shemeji, kisha akainama akaninong'oneza, "Karibu sana."

Wakanitembeza nyumba nzima. Walipofika chooni wifi alimsukuma mumewe mbele, kwa sababu niliwafundisha kwamba mambo ya choo yaonyeshwe kwa vitendo. Shemeji akakalia kifuniko akiwa na suruali yake ya kazi, akanitazama usoni kwa unyenyekevu, akainuka, akachukua ndoo akamwaga maji. Mratibu alikuwa nyuma yangu. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa jambo kubwa.

Chai ikaja, na mkate, na mayai ya kukaanga. Sikuwa nimekula kitu. Nilikula yai la kwanza, nikainua mkono kidogo kujifuta mdomo, na wifi akaichukua sahani.

"Amekataa," akamwambia mumewe. "Tumefundishwa. Mgeni akikataa mara moja, inatosha."

"Mbona kama anaitazama sahani?"

"Anatazama maua yake. Huko kwao labda hawana sahani za maua."

Alinijua nina njaa. Mimi na wifi tumetaniana toka siku ya harusi yangu, na utani wake una meno. Akaketi mbele yangu, akajimiminia chai ya kwake taratibu.

"Mume wangu, unajua huyu mgeni amenikumbusha nani? Wifi yangu."

Shemeji akakohoa. "Wifi yupi?"

"Kwani ninao wangapi? Yule anayefundisha mji mzima kupokea wageni, na toka aolewe na kaka yangu sijawahi kulala kwake hata kwa mvua. Ukibisha hodi anakupokea vizuri, anakuketisha vizuri, halafu anakuuliza unarudi na usafiri gani."

"Tusimseme mtu," shemeji akasema, jasho linamtoka.

"Simsemi. Naongea kama kawaida mbele ya mgeni. Au nianze kunong'ona?"

Mratibu akashusha miwani yake akanitazama mimi, si wao. Nikatabasamu. Nilitabasamu mpaka mashavu yakaniuma. Moyoni nilikuwa nimeshamjibu wifi majibu saba, kila moja kali kuliko lenzake, yote nikayameza na chai. Nikajiambia, vumilia, mama. Mbivu na mbichi zitajulikana mchana. Chakula kikigusa meza, kengele italia, mtoto wako ana tiketi.

Hapo ndipo mlango wa uani ukafunguka, akaingia binti yangu.

Jumamosi huja kwa shangazi yake kusukwa nywele, na kwa haraka zangu za asubuhi nilikuwa nimelisahau hilo. Akamwamkia shangazi, akamwamkia shemeji, anayemwita mjomba, akamwamkia Mratibu. Kisha akaliona sanduku, akaniona mimi, na sikuhitaji kumwonyesha ishara yoyote. Amekua na mazoezi haya. Mengine niliyajaribia kwake, sebuleni kwangu, akiwa mdogo.

Akanipa mkono. "Karibu," akasema polepole.

Nilimwonea fahari, nakiri. Nikasema moyoni, mwanangu huyo, akili kama za mama yake.

"Shangazi," akauliza, bado ameshika mkono wangu, "huyu mgeni hasikii lugha yetu kabisa?"

"Kabisa. Akisema neno moja, mimi nimekosa mgeni."

"Na wewe ukikosa mgeni, mimi sina safari."

"Ndivyo sheria inavyosema. Mwenye sheria unamjua."

Binti yangu akavuta kiti akakaa mbele yangu, magoti yetu yanakaribia kugusana.

"Basi na mimi niongee kama kawaida," akasema. "Shangazi, mimi sitaki kwenda."

Kikombe changu kilikuwa njiani kuelekea mdomoni. Kilibaki hapo hapo.

Wifi alikuwa bado ana kicheko usoni, kikafutika. "Hutaki kwenda wapi?"

"Huko. Usaili alinifundisha mama. Majibu alinipa mama. Lile koti la baridi kachagua mama, na analijaribu mbele ya kioo akidhani nimelala. Anageuka hivi, anageuka hivi, anaweka mikono mfukoni. Mama ndiye anayekwenda, shangazi. Mimi nimebeba jina tu."

Si uongo, msomaji. Lile koti linanikaa vizuri. Nilipokuwa umri wake hapakuwa na chama, wala mtu wa kuuliza karani wa kesho angependa kuona nini duniani. Lakini sikujua kwamba nimetazamwa, na aibu iliniwaka masikioni.

"Sasa si umwambie mama yako," shemeji akasema, akijitahidi kutonitazama.

"Nimwambie lini, mjomba? Nikianza sentensi anaimalizia yeye. Leo ndiyo mara ya kwanza nimeongea mbele ya mama bila kukatizwa."

Mratibu alijikuna shavu. Nadhani alikuwa anaficha kitu kwenye midomo, na sikupenda.

Wifi akashusha sauti, utani wote umemwisha. "Unaogopa baridi?"

"Baridi nataka hata kuiona. Barafu nataka kuishika. Ninachokiogopa kiko nyumbani."

"Kuna nini nyumbani?"

"Hakuna kitu. Ndiyo shida yenyewe. Baba na mama hawaongei."

"Wamegombana?"

"Wangegombana ningeshukuru. Hawana ugomvi wowote. Mama ananiambia, mwambie baba yako chakula tayari. Baba yuko pale, nikinyoosha mkono namgusa. Baba ananiambia, mwambie mama yako nanawa. Namwambia. Mwambie baba yako bomba linavuja. Mwambie mama yako fundi atakuja. Kila siku, shangazi. Nilipolala na homa, nikawachungulia wakiwa mezani. Chumvi iko upande wa baba. Mama akaitazama ile chumvi, akala chakula hivyo hivyo, bila chumvi."

Nilikikumbuka chakula kile. Nilijiambia siku ile kwamba chumvi nyingi si nzuri kwa mtu wa umri wangu.

"Nikikaa mwaka mzima huko," binti yangu akasema, na sasa sauti ilikuwa inamponyoka, "nani atamwomba baba chumvi?"

Hakuna aliyecheka. Nilitaka kusema mengi. Nilitaka kusema baba yako anafundisha watu udereva kutwa nzima, breki, klachi, tazama kioo, na maneno yake yote anayamalizia barabarani. Nilitaka kusema hatukuanza hivyo. Tulianza kwa kumtuma yeye, binti yetu, alipokuwa anajifunza kuongea, kwa sababu alivyokuwa akizifikisha salamu ilikuwa raha kumsikia, tukacheka wote watatu, na hatukujua siku gani tuliacha kucheka tukabaki na kutuma tu.

Binti yangu akanitazama machoni. Hakumtazama mgeni tena.

"Mama, unataka niende?"

Wifi aliona kabla ya wote kwamba nitajibu. Akaruka toka kitini. "Mratibu, chakula kiko tayari, piga kengele."

"Sikioni."

"Kiko jikoni, kimeiva, harufu unaisikia."

"Chakula kiwekwe mezani," Mratibu akasema. "Sheria haijasema harufu."

Hiyo nayo niliitunga mimi.

Wifi akatimkia jikoni, shemeji akamfuata, wakagongana mlangoni. Nikasikia mifuniko inaanguka, nikasikia shemeji anaambiwa aache sahani, aache vijiko, alete sufuria yenyewe. Nami nimekaa na mtoto wangu mbele yangu anangoja jibu. Nikinyamaza, nyumba inapita, anapanda ndege, na anaondoka akijua nilimsikia nikatabasamu. Nikisema, safari imekufa, na koti litabaki kabatini na mimi nalo. Nilimbana mkono, nikajaribu kumwambia kwa macho, subiri kidogo tu, mwanangu, shangazi yako anakuja na sufuria.

Akautoa mkono wake.

"Basi," akasema, akainuka. "Mgeni haelewi."

Akageuka kuelekea mlangoni. Wifi alikuwa anatokea jikoni, sufuria mikononi na matambara, mvuke usoni, anakimbia kwa hatua fupi fupi, hatua tatu afike mezani.

"Mwanangu, kaa," nikasema. "Nimekusikia."

Sufuria ikagusa meza.

Shemeji ndiye aliyejaribu kuokoa jahazi. "Mratibu, aliposema, sufuria ilikuwa imeshafika. Ilikuwa juu ya meza kabisa."

"Juu hewani," Mratibu akasema. Akaiweka kengele mfukoni bila kuipiga. "Nyumba imeanguka."

Wifi akaanza kulia kwa hasira, matambara bado mikononi. "Nimefanya kila kitu. Nimepiga rangi chumba. Nimemfundisha huyu mwanamume kunong'ona. Nimekunyima mayai kwa sheria zako, wifi, na nilikuwa nakuona una njaa. Halafu unaniangusha kwenye sufuria?"

Nilimwomba radhi, na sikuwa natania. Alikuwa ameandaa nyumba vizuri kuliko zote nilizopitia mwaka huu, na kosa halikuwa lake. Akaniwekea chakula huku analia, akajaza sahani mpaka pomoni, bila kuniuliza kama nataka. Nikala chote.

Binti yangu alikuwa amerudi kukaa, pembeni yangu sasa. Aliniegemea begani, jambo ambalo hajalifanya toka aanze kuvaa viatu vikubwa kuliko vyangu.

"Mwenyewe sikudhani utasema," akaniambia.

"Safari umeikosa, mwanangu."

"Nimeona."

"Hajaikosa bado," Mratibu akasema. Wote tukamgeukia. "Mtoto anayekuja, anakuja. Hawezi kulala uwanja wa ndege. Iko nyumba moja ambayo haijawahi kufanyiwa zoezi, na mwenyewe ni mtaalamu."

Nikaacha kijiko. "Chumba hakitoshi."

"Chumba kina kitanda na cherehani," binti yangu akasema. "Cherehani inahamishika."

"Iwe Jumamosi inayokuja," Mratibu akasema. "Sasa nitafute wa kumpeleka kama mgeni."

"Mimi," wifi akasema. Machozi yalikuwa yamemkauka ghafla.

"Wewe ni ndugu wa nyumba."

"Na huyu hapa leo alikuwa nani, mpita njia?"

Mratibu akafikiri. Nilimwomba kwa macho, na macho yangu siku hiyo hayakuwa na bahati. "Haya," akasema. "Utakaa toka chai mpaka chakula, hujui lugha, na wenyeji waongee kama kawaida mbele yako."

"Kama kawaida yao?" shemeji akauliza kwa upole. "Lakini si tumeambiwa hawaongei?"

"Ndicho tunachokwenda kutazama. Mgeni hawezi kukaa mwaka mzima kwenye nyumba ambayo watu wanatumia mtoto kama simu. Na mtoto mwenyewe hatakuwepo."

Wifi akanitazama, na ule utani wenye meno ukamrudia usoni. "Mimi sipendi mayai yaliyoiva sana," akasema. "Nakwambia leo, maana siku hiyo sitaweza."

Nikamgeukia binti yangu anitetee. Yeye alikuwa tayari na lake.

"Nyumba yetu ikipita, mama, naenda. Kwa moyo mmoja, na koti nalivaa. Ikianguka nabaki, niendelee na kazi yangu. Na wiki hii nalala hapa kwa shangazi."

"Unanikimbia?"

"Nawapisha. Mimi nikiwepo hamtaanza."

Nilirudi nyumbani jioni haijaingia, sanduku tupu mkononi, hasira na mapenzi vimenikaba kwa pamoja. Njia nzima nilipanga maneno. Mimi ni mwanamke ninayesimama mbele ya familia arobaini nikazichekesha, nikazifundisha kumpokea mtu wasiyejua neno lake hata moja. Kumwambia mume wangu mambo mawili matatu ni kazi gani?

Nilimkuta sebuleni, amekaa kwenye kiti chake, anakaza skrubu ya redio. Nilisimama pale penye zulia. Nikagundua jambo: sijui namwitaje. Miaka yote hii nimekuwa nikisema baba yako, na wa kuambiwa baba yako hakuwepo.

Nikaiweka sauti sawa.

"Jumamosi dada yako anakuja kukaa hapa," nikasema. "Asipotusikia tunaongea, mimi na wewe, mtoto hatakwenda. Na mimi ningependa tuongee, hata bila yeye."

Nilisema yote kwa mkupuo, na nikayamaliza, na sikufa.

Mume wangu akaiweka bisibisi chini. Akageuza kichwa, akautazama mlango wa chumba cha binti yetu, akangoja atoke amwambie nimesema nini.